Abiria wa kugeuza hayumo kwenye fomu

Fomu ya kuhesabia magari ina safu ya kila kinachotembea barabarani: gari ndogo, pikapu, Hiace, Coaster, basi kubwa, lori la ekseli mbili, lori la ekseli tatu kwenda juu, bajaji, pikipiki, baiskeli. Kuna moja niliyowahi kupewa ilikuwa na safu ya mkokoteni. Mkokoteni una safu yake, ila dada aliyesimama kituoni tangu kumekucha hana.

Mimi ni mdodosaji. Ndiyo kazi inayolipa kodi ya chumba changu hapa Tabata, na isipokuwepo nauza vitenge kwa oda. Tunaitwa kwa simu: "Kuna kazi imetokea, njoo na kitambulisho cha NIDA." Tunafundishwa kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki, tunapewa soda na chapati, halafu tunasambazwa mjini. Nimedodosa bei za maharage, vyoo vya shule na vyandarua. Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya barabara, maana barabara haikwambii baba mwenye nyumba katoka, rudi kesho.

Mnakaa kwenye makutano mkiwa wawili au watatu kila upande, mmevaa vizibao vya njano vinavyong'aa. Mmoja anashika magari madogo, mwingine makubwa, na mwenye bahati mbaya anapewa pikipiki. Vijiti vinne vya wima, cha tano unakilaza. Kila baada ya dakika 15 unahamia boksi jipya, hata kama bado unapumua juujuu. Bodaboda hawahesabiki kirahisi. Wanapita kulia, kushoto, juu ya ukingo wa waenda kwa miguu, na wengine wanakuja upande usio wao kabisa, mpaka mwenzangu mmoja akampigia msimamizi kuuliza hao waandikwe wapi. Jibu: waandikwe kule wanakoelekea. Haya.

Vile vijiti vikifika ofisini havibaki vijiti. Vinabadilishwa vyote kuwa kipimo kimoja, ambacho ni gari dogo la kawaida. Kila chombo kinapimwa kwa nafasi kinayoila barabarani: gari dogo ni 1, pikipiki ni chini ya 1, basi kubwa ni 2 au zaidi kutegemea mwongozo gani umetumika. Kwa mhandisi anayetaka kujua makutano yatabeba nini, kipimo hiki kina akili. Usisahau kwamba hata barabara ikiwa wazi, njia moja kwenye taa ikiruhusiwa hupitisha takriban gari moja kila sekunde mbili, basi. Huwezi kuikamua zaidi ya hapo. Kwa hiyo lazima ujue nani anakula hizo sekunde.

Ila ukiisoma karatasi hiyo kwa macho ya abiria, mambo yanageuka. Coaster iliyoshona, watu wamebanana mpaka mlangoni na konda ananing'inia kwa mkono mmoja, inaingia kwenye hesabu kama mzigo mkubwa kuliko Vitz yenye mtu mmoja na kiyoyozi chake. Ukiiondoa Coaster ile barabarani, karatasi inakusifu kwamba umepunguza msongamano. Wale watu walioshuka wameenda wapi, karatasi haiulizi.

Kilichonifanya niandike leo ni kazi nyingine, ya kuhesabu abiria ndani ya daladala. Fomu yake ni nyepesi. Gari likipita unaandika namba ya ruti, linaelekea wapi, na limejaa kiasi gani: tupu, nusu, viti vimejaa, wamesimama, limeshona. Tulipangwa barabara ya Tabata kwenda Segerea, karibu na kituo cha Bima, kuanzia saa 12 asubuhi. Kwa akili ya kawaida, asubuhi watu wanakwenda mjini, kwa hiyo magari ya kutoka Segerea yaje yameshona na ya kurudi Segerea yarudi matupu kufuata abiria wengine.

Haikuwa hivyo. Magari ya kurudi Segerea yalikuwa na watu. Hayakushona, lakini viti vilikuwa vimeshikwa, na waliovishika walikuwa wamevaa kikazi: mashati ya kupigwa pasi, mikoba, vikopo vya chakula cha mchana kwenye mifuko. Tukaandika tulichokiona. Msimamizi wetu, kijana mpole mwenye shahada ya uhandisi, aliyelelewa Moshi na kuja Dar kwa ajili ya kazi, alipita saa mbili akachukua karatasi, akatazama, akakuna kichwa.

"Dada zangu, hapa naona mmechanganya upande."

Tukamwambia hatujachanganya. Akarudia kwa adabu, akaonyesha kwa kidole. Kando yetu alikuwepo mama anayeuza vitumbua, ambaye tangu alfajiri alikuwa akitutazama tunavyochora vijiti bila kuuliza lolote. Akacheka.

"Wanageuza hao, mwanangu."

"Wanageuza nini, mama?"

"Wanageuza na gari. Kaa hapa kidogo utawaona wanarudi."

Msomaji wa Dar ameshaelewa, anaweza kuruka aya hii. Kwa wengine: ukiwa Bima asubuhi, daladala ya mjini inakukuta imeshajaa kutoka Segerea. Inapita. Inayofuata inapita. Unaona saa inakwenda. Basi unavuka barabara, unapanda gari linalokwenda Segerea, unalipa nauli, unakaa kwenye kiti. Likifika mwisho hushuki. Kule mwisho watu wanalipandia hadi madirishani, wewe umetulia, umeinua mkoba wako usikanyagwe. Konda anapita, unalipa nauli ya pili. Gari linarudi, linapita Bima pale pale ulipovukia, na wale mliokuwa nao wangali wamesimama. Umelipa mara mbili na umesafiri kinyume na uendako ili upate kiti.

Sasa mwingize mtu huyu kwenye jedwali. Kwanza anakuwa watu wawili: mmoja anakwenda Segerea asubuhi, mwingine anatoka Segerea kwenda mjini. Ukisoma takwimu hizo ukiwa ofisini, utasema Segerea kuna shughuli zinazovuta watu alfajiri, labda kuna kiwanda. Utasema pia kwamba wanaokwenda mjini wanatokea Segerea kwa wingi kuliko ilivyo kweli, na kwamba Bima mahitaji ni kidogo, maana abiria wachache wanaonekana wakipandia pale. Ukiambiwa upange mabasi, utayapanga yote yaanzie Segerea. Na Bima watazidi kugeuza.

Kijana wa watu alikaa kwenye ndoo ya yule mama, akala vitumbua, akawaona kwa macho yake. Kuna baba mmoja mwenye kofia ya Yanga alimtambua akienda na akirudi. Msimamizi akatuambia tuandike kwenye safu ya Maoni. Tuliandika, tena mimi niliandika kwa hati nzuri. Lakini mtu yeyote aliyefanya kazi hizi anajua kwamba safu ya Maoni haiingizwi kwenye kompyuta. Fomu ikishapigwa picha na namba zikishachukuliwa, maneno yanabaki kwenye boksi.

Kwa nini gari lisianzie Bima basi? Hapo ndipo tunakuja kwenye neno ambalo kila anayepanda daladala analijua: hesabu. Suka, yaani dereva, na konda wengi hawamiliki gari. Wanamkabidhi tajiri, mwenye gari, kiasi kilichopangwa kila siku, wanaweka mafuta, kinachobaki ndicho chao. Siku wasipofikisha hesabu, ni shauri yao. Mtafiti Matteo Rizzo wa chuo cha SOAS, London, amewafuatilia wafanyakazi wa daladala wa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na alichokieleza ndicho hiki: wengi wao ni vibarua wasio na mkataba wa maandishi, wakati sera zikiwazungumzia kana kwamba ni wafanyabiashara wadogo wanaojipangia mambo yao. Ukishajua hilo, vituko vyote vya daladala vinapata maelezo. Kusubiri kijiweni mpaka gari lijae. Kumwacha mwanafunzi kwa sababu nauli yake ni ndogo. Kukimbizana kituo kwa kituo.

Na kukatisha ruti. Hili ndilo linalonisumbua zaidi. Foleni ikiwa kali, safari moja ya mjini inakula muda wa safari mbili. Konda anapiga mahesabu kichwani, anaona ni afadhali ageuzie Buguruni. Abiria mnashushwa, "mwisho wa gari hapa, panda la mbele." Maana yake ni kwamba mabasi yanapungua saa ile ile ambayo watu wameongezeka. Aliyeshushwa leo, kesho anapanda bodaboda. Mwenye uwezo zaidi anachukua mkopo wa gari. Pikipiki ile na gari lile vinaongeza foleni, foleni inafanya makonda wengi zaidi wageuze njiani. Kwenye fomu yangu ya makutano hili linaonekana kama ongezeko la magari madogo na pikipiki. Chanzo chake hakionekani popote.

Nairobi wamejaribu kuichungulia hesabu kwa kifaa. Watafiti Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer waliwapa wamiliki 255 wa matatu, yaani daladala za kule, kifaa cha kufuatilia gari kwa simu, tajiri anaona gari liko wapi na linaendeshwaje. Faida ya matajiri ilipanda, na gari likaacha kuumizwa ovyo. Usalama wa abiria haukuwa bora kwa sababu tu tajiri anaona. Sishangai. Tajiri alikuwa anatafuta hela yake, na kifaa kilimtafutia hela yake.

Barabara nitazipita haraka, maana huko kila mtu ana la kusema. Tumejengewa: daraja la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa Septemba 2018, la Kijazi pale Ubungo Februari 2021, na Kimara hadi Kibaha zimechongwa njia nane kwa kilomita 19.2. Mimi ni shabiki wa Mfugale, sitaki kusikia mtu akilisema vibaya. Lakini njia nane zikifika Kimara zinakutana na njia mbili za kila upande kwa magari ya kawaida, na huhitaji fomu kujua kinachofuata. Anthony Downs aliandika tangu 1962 kwamba barabara kuu ya mjini ikipanuliwa hujaa tena saa za msongamano, na mwaka 2011 Gilles Duranton na Matthew Turner wakaonyesha kwa takwimu za miji ya Marekani kwamba barabara zikiongezeka kwa asilimia 10, kilomita zinazotembewa na magari nazo zinaongezeka kwa karibu asilimia 10. Watu wapo, walikuwa wanangoja nafasi.

Nirudi kwenye kituo, maana siku hizi kituo kimepata mgeni. Ukisimama Bima sasa utaona watu wameinamia simu, halafu bodaboda inakuja, inaita jina, mmoja anatoka kwenye kundi na kuondoka. Uber iliingia Dar mwaka 2016, wengine wakafuata, na leo hata bajaji unaiita kwa kidole. Mimi mwenyewe natumia, hasa nikiwa na marobota ya vitenge. Mvua ikinyesha bei inaruka, dereva anakupigia kuuliza unaenda wapi, ukimwambia anakata simu, halafu unaona safari imefutwa. Hayo tumeshayazoea.

Huduma hizi zilikuja na ahadi kwamba zitapunguza magari, watu watachangia usafiri badala ya kila mtu kutoka na lake. San Francisco walipima. Gregory Erhardt na wenzake walichapisha mwaka 2019: kati ya 2010 na 2016, saa ambazo magari yalipoteza kwa kuchelewa siku za kazi ziliongezeka kwa asilimia 62. Wakatengeneza mfano wa mji ule ule bila teksi za mtandaoni, ongezeko likawa asilimia 22. Kinachonivutia mimi, kama mtu wa fomu, ni namna walivyopata takwimu. Hawakupewa na kampuni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern walizivuna kwenye programu zenyewe, kwa kutazama magari yanaonekana wapi na yanapotea wapi kwenye ramani. San Francisco si Dar, huko walioacha mabasi hawakuwa wamening'inia mlangoni. Lakini swali la kuuliza ni lile lile, na sijaona fomu ya hapa kwetu inayouliza: huyu aliyepanda boda ya simu, angepanda nini kama isingekuwepo?

Programu zenyewe zinajua mengi. Zinajua saa 12:30 asubuhi Bima kuna watu wangapi wanaofungua simu na kuuliza bei, hata wale wanaotazama bei, wakaguna, wakaifunga. Wale walioguna ndio ninaowatafuta mimi. Takwimu zao zipo kwenye kompyuta fulani mbali sana, na hapa kituoni bado tunachora vijiti.

Watu huniambia, mbona Google Maps inaonyesha foleni, ninyi mnahesabu nini? Ile mistari myekundu inatokana na simu zetu: zikitembea taratibu barabarani, mstari unakuwa mwekundu. Februari 2020 msanii Simon Weckert alionyesha jinsi alivyoweka simu 99 kwenye mkokoteni, akauvuta taratibu kwenye mtaa wa Berlin usio na magari, ramani ikaonyesha foleni. (Mkokoteni tena. Wenye fomu walikuwa sahihi kuupa safu.) Nimecheka sana, lakini kinyume chake ndicho kinachotokea Bima kila asubuhi: simu zaidi ya hizo zimesimama kituoni, na barabara ikiwa inapita, mstari ni wa kijani. Simu iliyotulia inaweza kuwa ya mtu aliyekaa kwake anakunywa chai.

Hata ile kazi nzuri ya Nairobi ya Digital Matatus, ambayo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu wakiwa na simu na mwaka 2014 ikatoka ramani ya ruti za mji mzima kwa kushirikiana na vyuo vya Marekani vya MIT na Columbia, ilituonyesha gari linapita wapi. Heshima yao. Hatua inayofuata ni kuonyesha nani limemwacha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Jakarta, Indonesia. Miaka mingi walikuwa na sheria: saa za msongamano, gari lenye watu chini ya watatu lisipite barabara kuu fulani. Ikazaliwa ajira. Watu wakasimama pembeni ya barabara, wanaitwa joki, wanakodishwa kama abiria ili dereva atimize idadi. Wengine walikuwa akina mama wenye watoto mgongoni, maana hapo unapata vichwa viwili kwa mmoja. Mwaka 2016 serikali ikaifuta sheria, wengi wakiamini haikuwa na kazi. Rema Hanna, Gabriel Kreindler na Benjamin Olken walikuwa wakichukua muda wa safari kutoka Google Maps siku nzima, na walichokuta ni kwamba ucheleweshaji uliongezeka kwa asilimia 46 asubuhi na asilimia 87 jioni. Hata barabara ambazo hazikuwa na sheria zilizidiwa. Kumbe ilikuwa inafanya kazi, pamoja na joki wake wote. Nikiwaza sheria hiyo ikiletwa Dar, kesho yake alfajiri Kimara Mwisho kutakuwa na foleni ya joki, na wapiga debe wakiwapanga kwa bei.

Mahali pamoja hapa mjini ambapo mtu anayesubiri anaacha alama ni mwendokasi, yale mabasi yenye njia zao. Ilianza kutoa huduma Mei 2016, kilomita 20.9, Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, na mwaka 2018 Dar ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa ajili yake. Kule unakata tiketi kabla ya kupanda. Yaani kuna saa mtu alipoingia kituoni na kuna saa basi lilipoondoka, na tofauti ya hizo mbili ndiyo foleni ninayoizungumzia. Ningekuwa na uwezo wa kuomba jedwali moja tu katika mji huu, ningeomba hilo, kituo kwa kituo, saa kwa saa, nilisome usiku mmoja na kahawa.

Kwa huku kwetu kwenye daladala hakuna geti, kwa hiyo nimeamua kuanza mwenyewe. Nimechora fomu ya ukurasa mmoja kwenye daftari la mraba. Ina safu tano: kituo, saa uliyofika, magari ya ruti yako yaliyopita yamejaa, saa uliyoondoka, umeondoka na nini. Mama wa vitumbua amekubali kuwaandikia wateja wake wa kila siku, kwa sharti kwamba nimletee kalamu na nisimuulize anauza vitumbua vingapi. Kijana wa Moshi ameomba nakala.

Ukiwa unapandia Bima, Kimanga, Kisukuru, Relini au popote pale, niandikie hapo chini mambo hayo matano kwa asubuhi yoyote ya wiki hii. Jina lako sihitaji. Na kama umegeuza, usiniandikie kwamba umeondokea Segerea: andika kituo ulichovukia barabara, na nauli zote mbili.